Reli ya Zigi: kilomita 23 za chuma kwa ajili ya magogo

Ukishuka kwenye basi la Amani pale geti la Zigi, utakuta nyumba ya zamani ya Kijerumani ambayo siku hizi ni kituo cha taarifa cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Wageni hulipa kiingilio, hupiga picha moja, kisha macho yote huenda mlimani. Nyumba ile ilikuwa ya mkuu wa stesheni. Stesheni gani, wakati reli ya karibu iko Muheza, kilomita ishirini na kitu kwa barabara? Jibu lake limefunikwa na majani, migomba na mashamba ya watu kuanzia hapo hadi Tengeni.

Jina kwanza, maana linawapoteza wengi kwenye ramani za zamani. Wajerumani waliandika Sigi, sisi twasema Zigi, na ni mto uleule unaoshuka kutoka Amani hadi bwawa la Mabayani, ambalo maji yake ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Reli ilianzia Tengeni, stesheni ya njia kuu ya Usambara jirani na Muheza, ikapanda hadi Zigi. Ilikuwa na urefu wa kilomita 23 na ushei na upana wa sentimita 75 kati ya reli na reli. Ujenzi ulianza 1904 na njia ikafika mwisho 1910. Haikuwa ya serikali. Kampuni binafsi ya Kijerumani ya mbao ndiyo iliyoitaka, na ilichotaka kilikuwa kimoja: kuyatoa magogo ya Usambara Mashariki msituni.

Miaka 6 kwa kilomita 23 inaonekana ni uzembe mpaka uilinganishe na mama yake. Njia kuu ilianza Tanga 1893, ikafika Muheza tarehe 1 Aprili 1896, yaani kilomita 40 kwa karibu miaka 3, na hapo kampuni iliyokuwa ikijenga ikaishiwa. Serikali ya kikoloni ikaichukua 1899. Korogwe ikapata treni 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911, kilomita 352 kutoka Tanga. Kwa hiyo vibarua wa Zigi walipoanza kuchimba, reli kubwa yenyewe ilikuwa bado haijaiona Mombo.

Sasa swali la upana. Njia kuu ni ya mita 1. Kwa nini wachague sentimita 75, wakijua kwamba behewa la njia moja halitaweza kupita kwenye nyingine? Wengi husema "ilikuwa rahisi" na kuachia hapo. Sababu yenyewe ni udongo. Reli inayopita ubavuni mwa kilima hukatiwa sakafu bapa kama kidato cha ngazi: upande mmoja unachimba, upande wa pili panabaki bonde. Kama ubavu una mteremko wa nyuzi 45, ukitaka sakafu ya mita 2.5 utachimba pembetatu ya mita 2.5 kwa 2.5, ambayo ni kama mita za ujazo 3.1 kwa kila mita ya njia. Ukitaka sakafu ya mita 3.5 kwa reli pana zaidi, hesabu inaruka hadi 6.1. Umeongeza mita moja tu ya upana na udongo umekuwa mara mbili. Na udongo huo ulitolewa kwa jembe, sururu na karai. Na mara nyingi jambo kubwa kuliko hata udongo ni kona: kigari chenye magurudumu yaliyo karibu karibu hukubali kona kali, kwa hiyo njia hufuata mikunjo ya kilima badala ya kuivunja kwa mikato na madaraja. Penye bonde dogo unazunguka, unapiga kalavati la mawe, unaendelea.

Akiba hiyo hulipwa baadaye, kila siku, pale Tengeni. Nitarudi huko.

Mwinuko wa jumla hautishi. Kutoka nchi ya Tengeni hadi Zigi ni kama mita 250, na ukizigawa kwa kilomita 23 unapata mita 1 ya kupanda kwa kila mita 92. Lakini hakuna kilima kinachogawa mwinuko wake sawasawa kwa ajili ya mhandisi. Chini ni mawimbi ya vilima, ukaribiapo milima ndipo kazi inapoanza. Ndiyo maana pia reli haikufika Amani, ingawa taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea ilikuwapo pale tangu 1902 na ingefurahi sana kuipata. Kutoka Zigi hadi Amani kuna takriban mita 500 nyingine za kupanda. Kwa mwinuko wa mita 1 kwa 40, ambao kwa kichwa kidogo cha mvuke tayari ni mzigo, ungehitaji kilomita 20 za reli kufika mahali ambapo barabara ya leo inafika kwa 9 au 10 hivi, tena kwa kona za kutapisha abiria. Kampuni ya mbao haina haja ya kupanda hadi kwenye bustani ya mimea. Magogo hushuka yenyewe.

Na hilo la kushuka ndilo jambo zuri kuliko yote katika ramani ya reli hii. Mzigo mzito unakwenda chini, magari matupu yanapanda. Tuchukue hesabu ya mfano, kichwa cha tani 10 ambacho uzito wake wote uko juu ya magurudumu yanayosukuma. Reli ikiwa kavu, chuma hushika chuma kwa kama sehemu moja ya sita ya uzito, kwa hiyo kichwa kinaweza kuvuta kwa nguvu ya kilo 1,650 hivi. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 40 kila tani ya treni inadai kilo 25 kwa sababu ya mlima na kilo 8 hivi kwa sababu ya msuguano wa njia yenyewe, jumla 33. Gawanya: tani 50, ukitoa kichwa unabaki na tani 40. Ikinyesha, reli ikapakwa majani yaliyosagwa na tope, kushika kunashuka hadi sehemu ya kumi. Nguvu inakuwa kilo 1,000, treni nzima tani 30, na nyuma ya kichwa ni tani 20. Mvua imekula nusu ya treni. Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo hali hii huwezi kuiita ya nadra.

Dawa yake ni mchanga, unaomwagwa kwa bomba mbele ya magurudumu. Ila mchanga ni dawa ukiwa mkavu tu. Ukiloa unaganda bombani, na dereva anagundua hivyo magurudumu yakiwa tayari yanazunguka pale pale. Ndiyo sababu sanduku la mchanga kwenye vichwa vingi vya mvuke hukaa juu ya mgongo wa boila: joto linaukausha.

Kushuka nako kuna shida zake. Treni ya tani 40 kwenye mteremko huo inasukumwa na kilo 1,000. Msuguano wa njia unachukua kama 320, zinazobaki 680 ni kazi ya breki, mfululizo, kilomita baada ya kilomita. Breki za magari ya namna hii hukazwa kwa mkono, kwa skrubu, na mtu anakaa juu ya gari au anarukia kutoka moja kwenda jingine. Akikaza mno, gurudumu linasimama na kuanza kuburutwa. Hapo mambo mawili yanatokea kwa pamoja: gurudumu lililosimama linashika vibaya kuliko linalozunguka, kwa hiyo treni inaongeza mwendo badala ya kupunguza, na chuma kinalika upande mmoja kuwa bapa. Gurudumu bapa hugonga kila mzunguko, na reli nyepesi haipendi kugongwa.

Gari la magogo lenyewe ni kitu cha kupendeza kwa urahisi wake. Ni vigari viwili vifupi, kila kimoja na boriti ya kulalia inayozunguka juu ya pini. Gogo linalazwa mwisho mmoja huku, mwisho mwingine kule, linafungwa minyororo, na gogo lenyewe ndilo linalounganisha vigari. Behewa linatengenezwa na mzigo wake. Linalokwenda vibaya hapa ni aina mbili. La kwanza ni mnyororo: gome la gogo linasagika njiani, mnyororo unalegea, gogo linasogea. Hukazwa upya kila treni inaposimama kwa maji. La pili ni kona. Kama boriti zimeachana mita 10 na kona ina nusu kipenyo cha mita 50, katikati ya gogo huingia ndani ya kona kwa sentimita 25. Mkato uliochimbwa kwa kubania utakwanguliwa ukuta, na ukuta wa udongo mwekundu ukikwanguliwa kwenye masika unashuka wote relini.

Uzito: mvule wenye kipenyo cha sentimita 80, ukatwe urefu wa mita 6, una mita za ujazo 3, na ukiwa mbichi uhesabu karibu tani 3. Ukienda kwenye kipenyo cha mita 1.2 unakaribia tani 7 kwa gogo moja. Na mvule haukui kama mkonge, mstari kwa mstari. Msitu wa Usambara umechanganyika mno, mti wa kuuzwa unasimama mmoja, wa pili uko ng'ambo ya korongo. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, hesabu ya kampuni ilipokosea tangu mwanzo. Reli inasafirisha kwa bei nafuu kile kilichofika relini. Gharama kubwa ilikuwa kulifikisha gogo kwenye reli: kulikata, kuliburuta kwa minyororo na nguvu za watu, kulitoa korongoni. Kilomita 23 za chuma hazipunguzi hata senti moja ya gharama hiyo.

Kisha Tengeni. Watu wa Tanga tuna ule msemo wa waja leo waondoka leo. Gogo la Zigi halikuwa na bahati hiyo. Lilifika juu ya vigari vya sentimita 75, na mbele yake lilisubiriwa na behewa la mita 1. Lazima lishushwe, libingirishwe, lipandishwe tena. Njia nyepesi ya kufanya hivyo ni kuzilaza njia mbili sambamba kwa vimo tofauti, ile ndogo juu, ile kubwa chini, na magogo mawili ya kuteremkia katikati, ili uzito ufanye kazi. Hata hivyo gogo la tani 3 linalobingirika halina breki, na kila gogo ni kazi mpya. Kwa bidhaa za gunia, buni au mpira, uhamishaji kama huo unaudhi tu. Kwa magogo unakula muda mwingi.

Linganisha na wenzao wa upande wa pili wa milima. Kule Shume, juu ya Mkumbara, kampuni nyingine ya Kijerumani ilitaka miti ya mwangati kutoka juu kabisa ya Usambara Magharibi. Kuyashusha magogo haikutegemea reli. Iliagiza njia ya kamba ya chuma kutoka kiwanda cha Bleichert cha Leipzig, takriban kilomita 9 angani kutoka Shume hadi njia kuu pale Mkumbara, kama mita 1,500 za kushuka. Hakuna tuta, hakuna kalavati, hakuna kona. Ubaya wa kamba ni kwamba inatoka nukta moja kwenda nukta nyingine, katikati haichukui kitu. Reli ya Zigi iliweza kusimama shamba hadi shamba, na hilo liliisaidia, kwa sababu ilipata pia mizigo ya mashamba ya njiani na ya watu wa Amani. Lakini mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka duniani, mpira wa mashamba ya Asia ukiwa umefurika sokoni, na mashamba ya mpira ya Muheza yakaanguka nayo.

Mwaka uliofuata vita vikaanza. Njia kuu ndiyo iliyoleta askari wa Kijerumani kutoka upande wa Moshi kuja kupigana Tanga Novemba 1914. Mwaka 1916 Waingereza walishuka kuifuata reli hiyo hiyo, Mombo ikachukuliwa Juni, Tanga Julai, na Wajerumani waking'oa njia nyuma yao. Kipindi hicho reli nyepesi za mashambani zikawa mali ya vita: kutoka Mombo kwenda Handeni ilitandazwa njia ya sentimita 60 iliyokusanywa mashambani, na vigari vyake vikasukumwa na watu kwa mikono. Reli ya Zigi nayo imekufa, na leo hakuna chuma kilicholala mahali pake.

Kilichobaki ni umbo la ardhi, na umbo la ardhi linasomeka ukiwa na vifaa vinne: kamba ya mita 20, futi ya chuma, mpira wa maji mwembamba unaoonesha ndani, ule wa mafundi uashi wa kupimia levo, na panga. Nenda Januari na Februari, au Agosti na Septemba, nyasi zikiwa chini. Ndani ya hifadhi lipa na uchukue mwongoza wageni. Nje ya hifadhi uliza mwenye shamba kabla hujaingia, maana tuta zuri la reli ni mahali pazuri pa kupanda mihogo.

Tofauti ya tuta la reli na njia ya zamani ya gari au ya ng'ombe iko kwenye uvumilivu. Njia ya watu hupanda kwa haraka, ikapumzika, ikapanda. Reli hupanda vilevile kwa mamia ya mita. Weka mpira wa maji, ncha moja hapa, nyingine mita 20 mbele. Tofauti ya sentimita 50 ni 1 kwa 40, sentimita 20 ni 1 kwa 100. Pima sehemu tano mfululizo. Zikikaribiana, endelea. Zikiruka kutoka sentimita 15 hadi 120, umesimama kwenye barabara.

Kona zipime kwa kamba. Nyoosha mita 20 kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, kisha pima katikati kutoka kwenye kamba hadi ukingoni. Gawanya 50 kwa kipimo hicho cha mita na umepata nusu kipenyo. Mita 1 inakupa 50, nusu mita inakupa 100. Kosa la kawaida ni kupima ukingo ulioporomoka: masika mia moja yameukula, kwa hiyo tafuta kwanza mguu wa ukuta wa mkato, ambao hubaki mahali pake hata sakafu ikijaa udongo.

Makalavati ndiyo mashahidi bora. Tafuta kila kijito kinachokatiza mstari wako. Mawe yaliyochongwa na kupangwa kwa chokaa au saruji, mdomo mwembamba, na urefu mfupi unaotosha njia moja tu nyembamba. Mengi huwa yamezibwa na majani upande wa juu, na hapo ndipo utaelewa jinsi matuta yanavyokufa: mdomo ukiziba, maji yanajikusanya, yanapita juu ya tuta, na usiku mmoja wa mvua unatosha kulikata hadi chini. Reli iliyo hai ina genge la watu wa kuzibua. Iliyokufa haina.

Chuma chenyewe kitafute vijijini. Taruma za chuma, yaani vile vipande vya kulalia reli, zilipendwa kwa sababu ya mchwa, ambao huimaliza taruma ya mbao laini kwa miaka michache, na taruma hizo hizo hugeuka nguzo za uzio, vizingiti na mifereji. Angalia umbali kati ya matundu au mahali pa kukalia reli, katikati hadi katikati. Sentimita 78 hadi 80 ni njia ya sentimita 75, ya familia ya Zigi. Ukipata 62 hadi 64 hiyo ni ya sentimita 60, troli ya shamba la mkonge, na ziko nyingi Muheza nzima, kwa sababu jani la mkonge lina singa asilimia 4 tu na lazima lifike korona, mashine ya kulikwangua, kabla halijakauka, kwa hiyo kila shamba lilitandaza reli zake. Ukipata 105, umeokota mali ya njia kuu, iache ilipo.

Na kipande cha reli kinachoning'inia mtini shuleni, kile kinachogongwa saa ya kuingia darasani, kipime kimo kutoka unyayo hadi kichwa. Reli nyepesi za Kijerumani zilikuwa karibu na vimo hivi: milimita 65 ni ya kilo 7 kwa mita, reli ya kubebwa mkononi shambani, milimita 70 ni ya kilo 10, milimita 80 ni ya kilo 14, milimita 93 ni ya kilo 18. Kilo 7 haibebi kichwa cha mvuke cha tani 10 bila kupinda. Ukikuta 80 au zaidi, lakini nyembamba kuliko ya njia kuu, futa kutu ubavuni kwa brashi ya waya. Viwanda viliweka jina na mwaka kwa herufi zilizoinuka, na kwenye shina la reli herufi hizo hudumu kuliko kichwa chake. Mwaka wowote kati ya 1903 na 1910, andika mahali ulipokikuta, piga picha pamoja na futi, ukirudishe mtini kabla kengele ya mchana.